Mwaka Niliopima Moshi wa Makindye

Riziki aliniandikia Jumanne asubuhi, nikiwa naosha vyombo. Mama alifariki wiki iliyopita, tumeshamzika, samahani nimechelewa kukuambia. Kabla sijajibu ukaingia ujumbe wa pili: Shangazi, uko na picha ya Mama akiwa kazini? Sisi hatuna hata moja. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na povu likanikaukia mikononi. Picha ninazo, tena nyingi, ila zote ni za mikono. Mradi ulitukataza kupiga sura za watu, kwa hiyo ninayo mikono ya Mama Riziki ikifunga kuni, ikishika ndoano ya mzani, ikipaka samaki chumvi. Sura yake sina. Nilimjibu binti kwamba sina picha, na tangu siku hiyo nimekuwa na hasira, watu wa nyumbani wananiuliza nimekosewa nini. Sijakosewa kitu. Ni mimi niliyekosa, na nilimkosea mama yake, na sasa hata mtu wa kumwomba msamaha hayupo.

Nilikotoka na sababu ya kuvuka mpaka wa Busia na begi moja si habari ya leo. Nilifika Kampala nikiwa na miaka ishirini na minne, simu zetu bado zilikuwa za vibonye, na ndani ya mwezi mmoja nikapata kazi kwenye mradi uliopanga chumba Wandegeya, juu ya duka la kuchapisha. Mashine za chini zilikuwa zikitetemesha sakafu yetu kutwa nzima, na vitabu vya wanafunzi wa chuo vilipanda ngazi kwa harufu kabla ya kushuka kwa mkokoteni. Kazi yenyewe, kwa maneno ya sokoni, ilikuwa hivi: kila kilo ya samaki inayofika kwenye sahani ya mtu imetoa hewa chafu kiasi gani njiani, hewa ile inayoongeza joto la dunia. Wengine walipewa petroli ya boti na barafu ufukweni pale Ggaba, wengine umeme wa viwanda, wengine chakula wanachorushiwa samaki wa mabwawa. Mimi nilipewa kuni. Wakaushaji wengi wa samaki kule Makindye walikuwa akina mama wa Kikongo, Kiganda chao kilikuwa cha kuombea maji tu, na ofisi nzima hakuna aliyejua Kiswahili cha kukaa chini na mtu isipokuwa mimi. Yaani nilipata kazi kwa mdomo, na mdomo huohuo ndio uliosema mambo ambayo hakuna aliyenituma niyaseme.

Mkuu wetu wa kazi za nje aliitwa Bwana Mukalazi, Mganda mpole wa miaka hamsini hivi, aliyekula chakula cha mchana amesimama dirishani kana kwamba kukaa ni uvivu. Asubuhi tulikuwa tunaagiza chapati za mayai zilizokunjwa, rolex kama wanavyoziita pale, na tukizila alitueleza namna ya kujaza fomu. Mlangoni alikaa mzee Okello, askari mstaafu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kambini na hakuona haya nacho. “Wewe mutoto ya Kenya,” aliniuliza siku ya kwanza, “hii moshi munapima, munaenda kuuza wapi?” Nikamwambia hauuzwi, unahesabiwa tu ili watu wajue. Alicheka mpaka akakohoa. “Basi mutu ya kujua akijua, nafanya nini?” Nilimwona mzee wa zamani asiyeelewa sayansi. Leo mimi ndiye ninayefundisha vijana kazi hii, nina cheti na kadi ya ofisi yenye jina langu, na swali la mzee Okello bado sina jibu lake. Jioni nilikuwa narudi kwenye chumba changu upande wa Lubaga, kitanda, ndoo mbili na msumari wa nguo, na napikia nje kwa makaa. Nikipuliza jiko macho yanatoka machozi, halafu naingia ndani kuandika moshi wa wenzangu. Wacha tu.

Mama Riziki nilimkuta kwenye mteremko wa Makindye, nyuma ya mstari wa vyumba vya kupanga, akipasua gogo na kitenge amekifunga kifuani. Alitoka Baraka, mji wa Kongo kwenye ziwa lao la Tanganyika, na samaki alikuwa anamjua kama mshonaji anavyojua kitambaa. Pale walikuwa akina mama sita. Samaki wao walikuwa mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa Ulaya, na kichwa na mkia bado vimeshikilia. Waliinunua, wakaipaka chumvi, wakaikausha kwa moshi kwenye tanuri la udongo refu kama kitanda cha watu wawili, wakauza kwa watu wasioweza kununua samaki mzima. Tanuri hilo ndilo lililowalipia kodi, karo na dawa. Mama Riziki aliniambia mapema kabisa, bila kuzungushazungusha: “Dada, wakati wa vita niliacha nyumba, niliacha mtumbwi, niliacha na bwana yangu kwenye udongo. Hapa niko na Riziki na hii tanuri. Kama unakuja kuiharibu, useme leo.” Nikamwambia haki ya Mungu sikuja kuharibu. Tena nikaongeza la kwangu: wakinisaidia kupima vizuri, mradi utawaletea majiko mapya ya kisasa, yenye bomba la kutolea moshi na yanayokula kuni chache. Hilo la majiko nililisikia Bwana Mukalazi akilisema kama matumaini, kati ya chapati na chai. Mimi nililifikisha Makindye kama ahadi.

Basi wakanifungulia mlango. Waliniita Mama Kilo kwa sababu ya mzani wa ndoano uliokuwa hauniachi begani. “Mama Kilo, leo moshi yangu imenenepa ama imekonda?” Mama Riziki alikuwa anapenda kunitania mbele ya wenzake, na wenzake wanacheka huku wameziba midomo kwa kitenge. Wenyewe walinipangia kwenda kwa kila mama siku moja ya wiki, Jumatatu kwa Mama Riziki, Alhamisi kwa Mama Bahati, na kadhalika mpaka Jumamosi. Nilifika asubuhi kuni zinaposhushwa, nikauliza moto ni wa nani. Nilipima mzigo wa kuni wa mama wa siku hiyo, nikapima samaki wake kwenye beseni, nikauliza kama fomu ilivyotaka: “Unakausha mara ngapi kwa wiki?” Wote walijibu sawa: “Kila siku, kutoa siku ya Mungu.” Nikaandika. Tanuri niliona ni moja, lakini nilidhani wanapokezana, huyu saa hizi na kuni zake, yule saa zile na kuni zake. Sikuuliza. Ikifika saa tano naondoka mbio kwenda kuwasaidia wenzangu Ggaba, na Mama Riziki ananiitia nyuma, “Mama Kilo, kaa ule kwanza!” Nami najibu kazi ni nyingi, siku nyingine. Kwa miezi mitatu nilijibu hivyo. Nilijiona mfanyakazi hodari, mtu asiyepoteza muda kwa bugali, ugali wao.

Halafu akaja profesa mmoja mgeni kutoka ng'ambo. Alikaa ofisini kwetu siku mbili, akafungua mafaili, na fomu zangu alizishika moja moja. Zilikuwa safi, sikufuta hata mahali pamoja, kila mzigo wa kuni ulikuwa na tarehe na uzito. Akamwambia Bwana Mukalazi, nami nikisikia, kwamba hajaona takwimu nzuri kama hizi katika nchi zote alizopita. Sikuwa nimewahi kusifiwa na mtu mzima maishani mwangu, nasema kweli. Nilirudi Lubaga nikitembea kwa miguu njia nzima kwa furaha, nikanunua nusu kilo ya nyama nikaila peke yangu. Nalieleza hili kwa sababu bila hilo lililofuata halieleweki, na nisipolisema nitakuwa najitetea kwa kunyamaza.

Hesabu zilipomalizika, ripoti ikiwa inangojea kuchapishwa Jumatatu, nilienda Makindye siku ya Alhamisi kuaga na kula kile chakula nilichokikataa muda wote. Chumba cha Mama Riziki kilikuwa na pazia la maua lililotenga kitanda, biblia iliyofungwa kwa mpira, na sufuria tatu zilizosuguliwa mpaka zinang'aa. Riziki, wakati huo msichana wa darasa la tano, alininawisha mikono. Tukala bugali na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na kichwa cha sangara cha kukaushwa, moshi umeingia mpaka kwenye majani, na nilikula hadi nikaona aibu. Ukutani, upande wa pili, jirani mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba watu wa ofisi za mji wamepita tena kuangalia kiwanja, na mwenzake akajibu, “Waache waangalie, bwana afya alishasema tuko safi.” Mama Riziki alisikia, akatikisa kichwa, akaniongezea sombe. Baada ya chakula akasema twende nje, saa ya kupanga samaki imefika. Hiyo saa sikuwa nimewahi kuiona.

Nje moto ulikuwa umeshashika. Akina mama wote sita walikuwa wamezunguka tanuri, kila mmoja na beseni lake, wakipanga mgongo wazi juu ya wavu mmoja wa waya. Kwenye mikia walifunga vipande vya kitambaa, vyekundu, vya bluu, vya njano. Nikauliza leo si ni siku ya Mama Bahati?

“Ndiyo,” Mama Riziki akajibu, “moto ni yake.”

“Na hawa wenye kitambaa chekundu ni wa nani?”

“Ni wangu.”

“Sasa kuni zako ziko wapi?”

Alinitazama akadhani natania. “Kuni zangu zilikuwa za Jumatatu, si wewe mwenyewe ulizipima? Kila mama iko na siku yake ya moto. Siku yake analeta kuni, na sisi wote tunawekaka samaki. Nani ataweza kuwasha peke yake kila siku? Kuni iko bei, Mama Kilo!”

“Mbona hukuniambia?”

“Uliuliza moto ni ya nani, tukakwambia. Samaki ni ya nani, hukuuliza.”

Alisema bila ubaya wowote, akaendelea kupanga. Mimi nikakaa juu ya gogo. Moto mmoja nilikuwa nimeuandika mara sita. Mzigo mzima wa kuni niliutwika samaki wa mama mmoja, kila siku ya kazi, kwa kila mama. Kwenye ripoti, samaki wa moshi wa Makindye alikuwa ametoka mchafu kuliko wote, kuliko wa boti, kuliko wa barafu, kuliko wa mabwawa. Kumbe alikuwa miongoni mwa walio safi, na sababu ya usafi wake ilikuwa ni huko kushirikiana moto. Walikuwa wameshajitengenezea wenyewe kile ambacho mradi wetu ungekuja kuwafundisha kwenye semina.

Simu nilikuwa nayo na salio lilikuwepo. Ningempigia Bwana Mukalazi pale pale juu ya gogo. Sikumpigia. Nilijiambia kesho nitaenda ofisini nimweleze vizuri uso kwa uso, na Ijumaa nilienda, nikamkuta anacheka na profesa kwenye simu, jina langu likitajwa, nikakunywa chai nikaondoka. Jumamosi nililala. Jumapili nilisikia kengele ya kanisa la Lubaga, nikavaa, nikafika mpaka mlangoni nikarudi. Niliona haya. Si woga wa kufukuzwa, kazi ningepata nyingine. Niliona haya kwamba yule msichana wa takwimu nzuri kuliko nchi zote hakujua hata tanuri linavyofanya kazi, kwa kuwa hakukaa kula. Siku tatu za haya. Nimezipima tangu wakati huo kwa kila mzani ninaoujua na sijapata udhuru wa hata siku moja.

Jumatatu nilipopanda ngazi, mashine za chini zilikuwa zinanguruma na nakala zilikuwa zimeshapangwa sakafuni, bado zina joto. Nilimweleza Bwana Mukalazi yote, kitambaa, mikia, siku ya moto. Alinisikiliza amesimama dirishani. Alipogeuka hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. “Nnyabo,” alisema, kama wanavyomwita bibi kwa heshima pale Buganda, “ungeniambia Ijumaa ningesimamisha. Leo wageni wako njiani.” Tukaandika mstari mmoja, kwamba hesabu ya kuni inaweza kuwa imezidi, tukauchapa kwenye vikaratasi, na mimi na mzee Okello tukashinda tunavibandika kwa gundi ukurasa wa mwisho wa kila nakala. Kesho yake, kwenye ukumbi wenye viyoyozi, waliona mchoro tu: nguzo nyingi fupi na nguzo moja nyekundu iliyokaribia kutoboa karatasi. Ndege zilizobeba minofu hazikuwa na nguzo kabisa, maana hesabu yetu ilikomea lango la kiwanda. Mtu mmoja wa ofisi za mji akauliza hawa wa nguzo nyekundu wako sehemu gani. Bwana Mukalazi alinitazama, nami nikatazama glasi ya maji, na mtu mwingine akasoma jibu kutoka ukurasa wa ramani.

Watu wa mji walivunja tanuri wiki ya pili, mvua ikinyesha. Nilifika mchana nikakuta udongo umetapakaa mteremkoni na waya umekunjwa. Mama Bahati alikuwa analia kwa sauti, wengine wanaokota matofali. Mama Riziki alikuwa amesimama tu. “Walikuwa na karatasi,” akaniambia. “Kuna mstari mwekundu. Wanasema sisi ndio tunaharibu hewa. Bwana afya alikuja kututetea, wakamwonyesha hiyo karatasi, akanyamaza.” Hapo nikamwambia kwamba karatasi ni yangu. Nilimweleza kosa, nikamweleza na zile siku tatu, sikumficha. Nilitaka anipige. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Sasa si urudi uwaambie?” Nikasema nimewaambia. “Uwaambie tena.” Nikasema nimeandika barua mbili, hakuna anayejibu. Akatazama ule udongo. “Na majiko mapya?” aliuliza. Aibu iliyonipata pale sijaisahau, maana niliona kwamba bado alikuwa anangoja. Nilimjibu sijui. Nilijua.

Hakuwahi kunisuta. Hata nilipohama Kampala alinipigia kila Krismasi, akampa Riziki simu niongee naye, na hiyo “Shangazi” ninayoitwa ni yeye aliyemfundisha. Watu wakisikia habari hii huniambia basi alikusamehe. Mimi sidhani kama ni msamaha. Alikuwa amezoea watu wa karatasi kupita kwenye maisha yake wakibeba kitu na kuondoka, na mimi nilikuwa mmoja wao, ila mwenye jina. Vijana ninaowafundisha sasa nawaambia kaeni mpaka chakula, angalieni samaki wanapangwaje. Wanaandika kwenye madaftari, halafu saa tano wanaondoka mbio.

Mwezi wa mwisho wa mwaka ule mradi ulitutuma duru ya pili, mahali palepale, watu walewale, fomu ileile, ili ionekane kama kuna mabadiliko. Niliomba nisiende Makindye. Bwana Mukalazi akasema mwenye Kiswahili ni mimi peke yangu. Nilimkuta Mama Riziki barazani anafua shuka za watu, vidole vimenyauka kwa sabuni. Akanivutia kigoda. Nikatoa fomu, yeye akaendelea kufua.

“Unakausha mara ngapi kwa wiki?”

“Andika hakuna.”

“Kuni unatumia kiasi gani?”

“Andika hakuna, Mama Kilo. Wewe si unaona?”

Niliwazunguka wote sita, wanne niliowapata na wawili ambao majirani walisema wamehama na hawajui wapi. Kote niliandika sifuri. Jumatatu ofisini Bwana Mukalazi alisoma jedwali kwa sauti ya chini, harakaharaka, lakini profesa alikuwa amerudi na alimwomba arudie. Moshi wa Makindye ulikuwa umekwisha wote. Profesa alisema katika nchi zote alizopita hajaona mafanikio ya haraka namna hii, akauliza ni nani aliyesimamia eneo lile. Nilisimama, na chumba kizima kikanipigia makofi.